Mubirizi: Historia ya Mti Mchungu Kutoka Nakivale hadi Mahale



Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Darasani methali hii huelezwa kwa mfano wa jogoo: mgeni akibisha hodi, jogoo huchinjwa, na wenyeji waliokuwa wakishindia mboga nao hupata kitoweo. Lakini kitenzi "kupona" kina maana nyingine unayoijua vyema, yaani kutoka katika ugonjwa na kurudi katika afya. Leo nakuomba uisome methali hiyo kwa maana hii ya pili, kwa kuwa somo letu ni dawa, na mahali pa somo letu ni gombolola ya Rugaaga na makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Wilaya hii ilimegwa kutoka Mbarara mwaka 2006. Hapa wageni wamekuwa wakifika kwa zaidi ya miaka sitini, kila kundi likiwa na lugha yake, vyungu vyake na dawa zake.

Nimechagua mmea mmoja tu, mubirizi. Historia yake inatufundisha jinsi maarifa yanavyosafiri na watu, nani anayestahili kutajwa kuwa mwenye maarifa hayo, na mahali ambapo maarifa hayo hufikia kikomo. Jambo hili la mwisho si la kujifurahisha kwa elimu, kwani mtoto anaweza kupoteza uhai kwa sababu wazazi wake hawakuujua mpaka wa dawa yao.

Mmea wenyewe

Mubirizi ni kichaka kikubwa au mti mdogo ulio katika jamaa moja na alizeti. Usipokatwa, kwa kawaida hufikia kimo cha mita 2 hadi 5, na pengine huzidi hapo. Majani yake ni marefu na yamechongoka nchani. Maua yake ni madogo na meupe, hushikamana vishada vishada kwenye ncha za matawi, na hutoa harufu nzuri inayowavuta nyuki. Huota wenyewe kando ya njia, katika mashamba yaliyoachwa yapumzike, na pembezoni mwa migomba. Ukikata kipande cha tawi na kukichomeka katika udongo wenye unyevu, huchipua. Ikumbuke sifa hii, maana tutairudia.

Sifa yake kubwa, hata hivyo, ni uchungu. Tafuna jani moja, nawe utaubeba uchungu huo kinywani kwa muda mrefu. Hapa tusimame kidogo tujifunze lugha. Kivumishi "-chungu" hufuata upatanisho wa ngeli: tunasema mti mchungu, miti michungu, jani chungu, majani machungu, dawa chungu. Usikichanganye na nomino "chungu" cha kupikia, ambacho wingi wake ni "vyungu". Nomino "uchungu" nayo hutaja ladha, hutaja maumivu ya mama anayejifungua, na hutaja huzuni ya moyoni. Mswahili amezitia hali tatu katika neno moja.

Katika vitabu vya wanabotania, mmea huu ulielezwa mwaka 1826 na Mfaransa Alire Raffeneau Delile, aliyechunguza mimea iliyokusanywa na msafiri Frédéric Cailliaud katika nchi ya Sudani. Delile aliuita Vernonia amygdalina. Neno la kwanza humkumbuka William Vernon, mtaalamu wa mimea Mwingereza, na la pili hulinganisha majani yake na ya mlozi. Siku hizi wataalamu wengi huuita Gymnanthemum amygdalinum. Yatazame majina hayo, msomaji: ndani yake hamna hata silabi moja iliyotoka kwa watu waliokuwa wakiutumia mti huu kabla ya Delile kuzaliwa.

Jina moja, nchi nyingi

Majina ya wenyeji yana habari zaidi. Wanyankore huuita omubirizi. Wanyarwanda na Warundi huuita umubirizi. Ukivuka mpaka na kuingia Bukoba, Wahaya nao hutamka jina lilo hilo, ila "r" hugeuka kuwa "l". Waganda wana jina lao, mululuza, na Wajaluo huuita olusia. Katika baadhi ya orodha za miti ya Afrika Mashariki utaukuta kwa Kiswahili kama mtukutu, neno ambalo pia humtaja mtoto asiyetulia.

Linganisha sasa maneno haya: Kinyankore husema omuntu, Kinyarwanda umuntu, Kiswahili mtu. Irabu ya mwanzo imeanguka katika Kiswahili sanifu, na "mu" imefupika kuwa "m". Kiswahili cha Kongo, ambacho utakisikia kila siku Nakivale, huihifadhi "mu" katika maneno mengi. Ndiyo maana katika insha hii nimeandika mubirizi na si mbirizi: hilo ndilo umbo linaloeleweka na jirani zetu wote.

Kuna jambo jingine la ajabu zaidi. Katika Kinyarwanda na Kirundi, neno "umuti" maana yake ni dawa, ilhali mti wenyewe huitwa "igiti". Katika Kiswahili "mti" ni mti tu, na "dawa" tumeipata kutoka Kiarabu, kama tulivyopata "tiba" na "tabibu". Hata hivyo "mganga" na "kuganga" ni maneno ya Kibantu tangu asili. Lugha zetu, basi, zinatuonyesha kwamba zamani mti na dawa vilikuwa jambo moja kinywani mwa mzee.

Nakivale: wageni na vipandikizi vyao

Makazi ya Nakivale yalianzishwa mwaka 1958 na kutambuliwa rasmi mwaka 1960. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya kale zaidi barani Afrika. Waliotangulia kwa wingi walikuwa Watutsi waliokimbia machafuko yaliyoanza Rwanda mwaka 1959. Kwa miaka iliyofuata walikuja Warundi, Wakongo, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, hata leo makazi hayo yana zaidi ya watu 100,000. Uganda haikuwazungushia wageni hao ua wa seng'enge. Kila familia ilipewa kipande cha ardhi ijenge na ilime, na Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006 iliwatambulia haki ya kufanya kazi na ya kutembea nchini.

Fikiria hali ya mtu aliyefika hapo akiwa na mtoto mgongoni na mkeka kichwani. Lugha ni ya ugenini, zahanati iko mbali, na usiku mtoto anashikwa na homa. Kwa mtu aliyetoka Rwanda au Burundi, kichaka cha maua meupe kilichosimama kando ya njia hakikuwa kigeni. Alikijua kwa sura na kwa jina, na jirani Mnyankore alilielewa jina hilo bila mkalimani. Kabla watu hawa hawajaelewana katika siasa, katika mipaka ya mashamba au katika malisho ya ng'ombe, tayari walikuwa na neno moja la dawa.

Na ile sifa ya tawi kuchipua ina maana kubwa kwa mkimbizi. Mtu aliyepewa kiwanja kitupu huhitaji ua haraka. Akichomeka matawi ya mubirizi kuuzunguka uwanja wake, hupata ua ulio hai, hupata dawa mlangoni, hupata maua ya nyuki na baadaye vijiti vya kuni. Mmea usiohitaji kununuliwa wala kununuliwa mbegu ni mali ya asiye na mali.

Kazi zake nyumbani

Tukitaja matumizi ya mubirizi tuyapange kwa jamii, kwa maana kila jamii imeupa kazi.

Katika nchi za Maziwa Makuu, majani yake hupondwa, hulowekwa au huchemshwa, na maji yake hunywewa kwa homa, kwa maumivu ya tumbo na kwa minyoo. Wafugaji nao huwanywesha mifugo yao maji hayo kwa minyoo. Vijiti vyake hutafunwa kama msuaki. Nyuki hukusanya chakula katika maua yake, kwa hiyo mwenye mizinga huuacha usimame hata kama anasafisha shamba.

Waethiopia huuita grawa. Kwao majani yake hutumiwa kusugulia vyombo vya kutengenezea pombe ya nyumbani iitwayo tella, ili mtungi uwe safi kabla ya kumiminwa kinywaji kipya. Ni mmea uleule, na jambo ambalo Mnyankore huliita dawa ya homa, Mwethiopia huliona kwanza kama kitu cha jikoni.

Afrika ya Magharibi imekwenda mbali zaidi. Huko majani ya mti huu huoshwa na kukamuliwa mara nyingi mpaka uchungu upungue, kisha hupikwa kama mboga. Kameruni wana chakula chao mashuhuri kiitwacho ndolé, ambacho hupikwa kwa karanga. Waigbo wa Nigeria huyaita majani hayo onugbu na kuyatia katika mchuzi, na Wayoruba huyaita ewuro. Ukimwambia bibi wa Rugaaga kwamba kuna watu wanaokula mubirizi kwa chakula cha sherehe, huenda akacheka. Lakini huo ndio utajiri wa historia: mmea ni mmoja, na maswali ambayo watu wameuuliza ni mengi.

Sokwe aitwaye Chausiku

Sasa tuvuke mpaka tuingie Tanzania, maana huko ndiko mti huu ulikopata umaarufu wa dunia. Milima ya Mahale iko kando ya Ziwa Tanganyika, mkoani Kigoma. Kabla ya kufanywa hifadhi ya taifa mwaka 1985, milima hiyo ilikuwa makazi ya Watongwe. Mwaka 1987, mtafiti Mmarekani Michael Huffman alikuwa huko pamoja na Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe aliyejua misitu hiyo na dawa zake. Walikuwa wakimfuatilia sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku.

Chausiku alikuwa mgonjwa. Alikuwa mlegevu na hakuwa na hamu ya kula. Wakamwona akienda kwenye mubirizi, akakata chipukizi, akaondoa gome na majani, kisha akatafuna kiini cha ndani na kunyonya maji yake machungu. Kalunde alimweleza mwenzake kwamba kwa Watongwe mmea ule ni dawa kali ya tumbo. Siku iliyofuata Chausiku alionekana kupata nafuu. Taarifa ya tukio hilo ilichapishwa mwaka 1989, na jina la Kalunde liliandikwa humo kama mwandishi pamoja na Huffman.

Uchunguzi uliendelea. Mwaka 1991 sokwe mwingine aliyetafuna kiini hicho alichunguzwa kinyesi chake, na hesabu ya mayai ya minyoo katika kila gramu ilishuka kutoka 130 hadi 15 kwa muda wa saa 20. Wanakemia wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walichambua mmea na kukuta viambato vichungu kadhaa. Baadhi yake, hasa vilivyo katika majani na gome, vina sumu zaidi kuliko vilivyo katika kiini. Sokwe, ambaye hajawahi kusoma kitabu, alikuwa ameitupa sehemu kali na kuitafuna ile yenye nafuu.

Watu wengi husimulia habari hii kana kwamba mwalimu wetu ni sokwe. Mimi naomba umwangalie Kalunde. Pasingalikuwa na Mtongwe mwenye kuijua dawa, mtafiti angaliona mnyama anakula jani, basi. Kilichogeuza tendo la sokwe kuwa elimu ni maarifa ya watu, na safari hii mwenye maarifa alitajwa kwa jina. Hilo halikutokea katika majina ya mwaka 1826.

Mahali uchungu unapofikia kikomo

Haya yote yasikufanye, msomaji, uamini kwamba mubirizi unatosha. Hapa ndipo historia inapotudai ukweli.

Mwaka 2009 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa wagonjwa wa malaria isiyo kali waliotibiwa kwa maji ya majani mabichi ya mubirizi. Baada ya siku 14, asilimia 67 ya wagonjwa walionekana kuwa na hali ya kuridhisha. Hiyo ni habari njema, na inaonyesha kwamba wazee hawakuota ndoto. Lakini miongoni mwa hao walioonekana wazima, ni asilimia 32 tu ambao vimelea vya malaria vilitoweka kabisa katika damu yao, na katika sehemu kubwa ya hao vimelea vilirudi.

Tafakari maana yake. Mgonjwa hupata nafuu, homa hushuka, mama hushukuru, ilhali adui bado yumo katika damu. Kwa mtu mzima aliyekulia katika eneo la malaria, mwili huenda ukasaidia. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitano, kwa mama mjamzito, au kwa mgeni aliyetoka katika milima ya baridi ambako mbu ni wachache, kungoja huko kunaweza kuwa kifo. Mjamzito ana sababu nyingine ya kujihadhari, kwani katika Uganda ya Magharibi mmea huu umetumiwa na wakunga kuchochea uchungu wa uzazi. Na mtu anayemeza dawa za kisukari asiuchanganye nazo bila kumwuliza daktari, kwa kuwa mmea huu unaweza kushusha sukari.

Linganisha na pakanga ya Kichina, mmea uitwao Artemisia annua. Huo nao ulikuwa dawa ya homa ya watu wa kale. Tofauti ni kwamba miaka ya 1970 mwanasayansi Tu Youyou na wenzake waliuchambua, wakatoa kiambato chake, wakapima kipimo chake na kuuthibitisha uwezo wake. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel. Vidonge vya malaria unavyopewa leo katika kituo cha afya cha Rugaaga vina asili katika mmea huo. Kwa hiyo anayekwenda kituoni hajaitupa miti ya wazee akakimbilia uzungu. Anautumia mti ambao umekwisha kupimwa.

Sheria na raia

Serikali zetu zimekuwa na mashaka na waganga kwa muda mrefu. Sheria ya Uchawi ya Uganda ya mwaka 1957, iliyotungwa wakati wa ukoloni, iliadhibu uchawi, ingawa ilitenga nje ya uchawi utengenezaji na uuzaji wa dawa za kienyeji kwa nia njema. Mganga, basi, aliruhusiwa, lakini alitajwa ndani ya sheria ya wachawi. Ilichukua miaka zaidi ya sitini hadi Bunge lilipopitisha sheria ya tiba za asili na tiba mbadala mwaka 2019, inayotaka waganga wasajiliwe na kusimamiwa na baraza lao.

Mbarara nayo imo katika habari hii. Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989, kina watafiti wa dawa za mimea. Mwaka 2021, wakati wa janga la Korona, dawa ya mimea iitwayo Covidex iliyobuniwa na Profesa Patrick Ogwang wa chuo hicho iligombaniwa madukani. Mamlaka ya Taifa ya Dawa iliiruhusu itumike kama msaada kwa mgonjwa, si kama tiba ya Korona. Tofauti kati ya "msaada" na "tiba" ni ya neno moja tu, na raia asiyejua kusoma kwa makini huipita bila kuiona. Ndiyo sababu mwalimu wa lugha ana haki ya kuzungumza kuhusu dawa.

Wajibu wa raia, kwa hiyo, ni wa pande mbili. Upande mmoja, usiyadharau maarifa ya mzee kwa sababu hayakuandikwa. Uganda imejiunga na Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayotaka jamii zenye maarifa ya mimea zishirikishwe katika faida inayotokana nayo. Lakini jamii haiwezi kudai faida ya maarifa ambayo vijana wake hawayajui. Upande wa pili, usimfiche daktari ulichokunywa, wala usimcheleweshe mgonjwa kwa sababu jani limepunguza joto la mwili.

Kuna hatari ya tatu iliyo kimya zaidi. Watu wengi wanapoishi pamoja, kuni na mkaa huhitajika kila siku, na vichaka huondoka. Mti ukipotea, jina hubaki kwa kizazi kimoja, kisha nalo huondoka. Mwacha asili ni mtumwa, lakini asili haihifadhiwi kwa kuimbwa tu. Huhifadhiwa kwa kupandwa, na kwa mubirizi kazi hiyo huhitaji kijiti kimoja na udongo wenye unyevu.

Wewe mwanafunzi una chombo ambacho Delile hakuwa nacho. Kiswahili kilitambuliwa katika Katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Unaweza kuketi na bibi wa Kinyankore, babu wa Kirundi na mama wa Kikongo, ukayaandika maneno yao katika lugha moja wanayoweza kuisoma wajukuu wao wote. Andika jina la mmea, andika sehemu inayotumiwa, andika inavyotayarishwa na nani asiitumie. Kisha, kwa idhini yake, andika jina la aliyekufundisha, kama jina la Kalunde lilivyoandikwa.

Maswali ya kujadili darasani

1. Eleza maana mbili za kitenzi "kupona" na utunge sentensi moja kwa kila maana.
2. Tumia kivumishi "-chungu" pamoja na nomino hizi: kinywaji, mboga, matunda, mzizi.
3. Kwa nini mgonjwa kupata nafuu si ushahidi wa kutosha kwamba amepona malaria? Jibu kwa kutumia takwimu zilizomo katika insha.
4. Taja mmea mmoja wa porini unaotumiwa nyumbani kwenu. Andika jina lake katika lugha yako ya kwanza, kisha eleza matumizi yake kwa Kiswahili sanifu katika aya mbili.